Kuondoa vinyama vya ufizi kwa leza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa watu waliokuta kinyama kimeota kwenye ufizi, wakaambiwa kinaweza kutolewa kwa leza. Yanaanza na ya msingi na kuishia kwenye hali za pekee. Pale ambapo maelezo yameshatolewa kwenye jibu jingine, utaelekezwa huko.

## Kinyama chenyewe

Kinyama kinachoota kwenye ufizi ni nini?

Mara nyingi ni nyama ya ufizi wenyewe iliyokua kupita kiasi kwa sababu kuna kitu kinausumbua: ugaga ulioganda chini ya ukingo wa ufizi, jino lenye ncha kali, jino lililozibwa vibaya, waya wa kunyoosha meno, au meno ya bandia yasiyokaa sawa. Mwili unajaribu kuponya sehemu hiyo, usumbufu hauondoki, na nyama ya kuponya inazidi kulundikana.

Vipo vya aina kadhaa. Granuloma ya payojeni ni nyekundu, laini, na hutoa damu hata kwa kuguswa na mswaki. Fibroma ni ngumu kidogo, ina rangi ileile ya ufizi, haiumi, na inaweza kukaa miaka bila kubadilika. Ipo fibroma nyingine inayotengeneza chembe za mfupa ndani yake. Hupenda kuwatokea vijana, hasa kwenye meno ya mbele. Granuloma ya seli kubwa huelekea rangi ya zambarau na wakati mwingine hula mfupa ulio chini yake. Papiloma ina uso wenye vijidole vidogo vidogo na husababishwa na virusi vya HPV, hasa aina ya 6 na ya 11.

Zote hizo si saratani. Lakini kuzitofautisha kwa macho peke yake ni kazi ngumu, na ndiyo maana maabara itatajwa tena na tena hapa.

Nitajuaje kwamba changu si saratani?

Kwa kujitazama kwenye kioo huwezi kujua. Daktari mzoefu anaweza kukisia vizuri, lakini jibu la uhakika hutoka kwa mpatholojia aliyekitazama kinyama chenyewe kwa darubini.

Zipo dalili zinazotaka haraka: kidonda kisichopona kwa zaidi ya wiki 2, ufizi kufa ganzi au mdomo kuwa na hisia za kuchomachoma bila sababu, meno kulegea ghafla sehemu moja, kinyama kinachokua wiki hadi wiki, ukingo mgumu usiosogea ukiubonyeza, au tezi iliyovimba shingoni. Mtu aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, mapafu au figo amwambie daktari wa meno bila kusubiri kuulizwa. Saratani hizo zinaweza kusambaa hadi kwenye ufizi na kujitokeza kama kinyama cha kawaida kabisa.

Kinaweza kuisha chenyewe?

Cha ujauzito, mara nyingi hupungua baada ya kujifungua (tazama sehemu ya hali za pekee). Ufizi uliovimba kwa sababu ya uchafu wa meno hupungua sana ukisafishwa vizuri kliniki, na wakati mwingine upasuaji hauhitajiki tena. Fibroma iliyokwisha kuwa ngumu haiondoki bila kukatwa.

Changu kinatoa usaha, kinapasuka, kinafunga, kisha kinarudi palepale. Nacho kinatolewa kwa leza?

Hapana, au tuseme si kwanza. Kipele cha namna hiyo mara nyingi ni tundu la usaha unaotoka kwenye mzizi wa jino lililokufa au kwenye mfuko wa ufizi wenye ugonjwa. Ukikichoma kwa leza leo, kitafunguka tena. Kinachotakiwa ni picha ya eksirei na matibabu ya jino lenyewe. Mzizi ukitibiwa, kipele hufunga bila kuguswa.

Sina kinyama kimoja. Ufizi wote umevimba na kupanda juu ya meno. Ni jambo lilelile?

Ni jirani yake, lakini chanzo kinaweza kuwa tofauti. Swali la kwanza ni dawa unazotumia. Makundi matatu yanajulikana kwa kukuza ufizi: phenytoin ya kifafa, cyclosporine wanayopewa waliopandikizwa figo au kiungo kingine, na baadhi ya dawa za presha kama nifedipine na amlodipine. Kwa phenytoin, takriban nusu ya watumiaji hupata kiwango fulani cha ukuaji huo.

Leza inafaa sana kupunguza ufizi wa namna hii kwa sababu eneo ni pana na kisu kingemwaga damu nyingi. Ila dawa ikiendelea na usafi ukilegalega, uvimbe hurudi, pengine kabla mwaka haujaisha. Usiache dawa ya kifafa au ya presha kwa uamuzi wako mwenyewe. Daktari wa meno amwandikie daktari aliyekupa dawa hiyo waone kama ipo mbadala.

Ufizi uliovimba kote kwa ghafla, ukiambatana na uchovu, homa na michubuko mwilini isiyo na sababu, unahitaji kipimo cha damu kabla ya chochote. Baadhi ya saratani za damu huanza kuonekana kinywani.

## Leza inavyofanya kazi

Mwanga unakataje nyama?

Leza ni mwanga wa rangi moja tu uliokusanywa mahali padogo sana. Kitu kinachoupokea, yaani maji, damu au rangi asilia ya ufizi, hupata joto kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kuanzia nyuzi joto 60 hivi protini za nyama huganda. Zikifika 100 maji yaliyomo ndani ya seli huchemka na kuwa mvuke, na seli hupasuka. Pale mwale unapopita nyama hutoweka, na kandokando ya njia hiyo mishipa midogo ya damu hujifunga kwa joto. Ndiyo sababu kazi hufanyika karibu bila damu.

Kuna leza za aina ngapi, na ipi ni bora?

Kwenye kliniki za meno utakutana zaidi na ya dayodi, yenye mwanga wa urefu wa wimbi wa kati ya nanomita 800 na 980 hivi. Ni ndogo, inakaa juu ya meza, bei yake ni nafuu kuliko nyingine, na inafunga damu vizuri kwa sababu mwanga wake hupokelewa na hemoglobini (iliyomo kwenye damu) na melanini (rangi asilia ya ufizi). Tofauti na wanavyodhani wengi, sehemu kubwa ya ukataji wake hufanywa na ncha ya uzi wa kioo iliyopata moto, ikigusa nyama moja kwa moja.

Leza ya kaboni dayoksaidi (nanomita 10,600) hupokelewa na maji, hukata haraka bila kugusa, na joto lake haliendi mbali: kwa kawaida chini ya nusu milimita. Leza ya erbiamu ndiyo yenye ukingo msafi kuliko zote, tena inaweza kukata hata mfupa, lakini uwezo wake wa kufunga damu ni mdogo. Nd:YAG (nanomita 1,064) huzama ndani zaidi, hivyo inataka mkono unaojua. Ndiyo iliyofungua njia kwenye tiba ya meno, ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1990 kwa matumizi ya fizi.

Ukiniuliza mimi, aliyeshika leza ana uzito kuliko aina yake. Dayodi mikononi mwa mtu anayejua kupunguza wati na kutosimama mahali pamoja itakupa kidonda kizuri kuliko mashine ya gharama kubwa iliyoshikwa na mtu mwenye haraka.

Kwa nini nisitumie kisu cha kawaida?

Unaweza, na hakuna aliyekosea kwa kukichagua. Kisu hukata safi, hakiunguzi sampuli, na kidonda chake huanza kuziba mapema. Kwa kinyama kidogo chenye kishikizo chembamba, kisu na nyuzi mbili za kushona ni kazi fupi.

Leza inashinda pale penye damu nyingi: granuloma iliyojaa mishipa, ufizi mpana uliovimba, mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Daktari anaona anachokikata, kwa sababu damu haifuniki uwanja. Mara nyingi hakuna kushonwa. Maumivu na uvimbe wa siku za kwanza huwa pungufu kwa wagonjwa wengi, na kovu halijikunji sana.

Upande wa hasara: kidonda cha leza huchelewa kuanza kupona kwa siku kadhaa ukilinganisha na cha kisu, na joto likizidi linaweza kudhuru mfupa au mzizi wa jino. Mfupa ukifikia nyuzi 47 kwa dakika nzima, seli zake huanza kufa. Kwa hiyo anayekuambia leza haina madhara anakuuzia mashine.

Si mionzi hiyo? Haiwezi kunisababishia saratani?

Mwanga wa leza zilizotajwa hapa ni wa infraredi. Hauna nguvu ya kuvunja vinasaba kama eksirei inavyoweza. Hatari zake ni kuungua na kuumia macho.

## Siku ya kutolewa

Nijiandae vipi?

Kula vizuri kabla, isipokuwa umeambiwa utapewa nusu kaputi. Piga mswaki. Njoo na orodha ya dawa zote unazotumia, za hospitali na za mitishamba pia. Taja mzio wowote, hasa wa dawa ya ganzi au mpira wa glovu. Usiache aspirini wala dawa nyingine ya damu bila kuambiwa.

Ikiwa hujasafishwa meno, huenda ukatangulizwa kusafishwa wiki moja au mbili kabla. Wagonjwa wengine huona wanazungushwa, lakini ufizi uliotulia hutoa damu kidogo na mpaka wa kinyama huonekana vizuri. Picha ya eksirei nayo huhitajika, ili ionekane kama mfupa ulio chini umeliwa.

Nini hasa kinafanyika?

Ganzi kwanza: dawa ya kupaka, kisha sindano ndogo ya lidokaini kuzunguka kinyama. Baadhi ya vinyama vidogo hutolewa kwa dawa ya kupaka tu, lakini usione vibaya ukichomwa sindano. Ni afadhali kuliko kuvumilia. Wote chumbani huvaa miwani maalumu, na wewe pia.

Daktari hukishika kinyama kwa kibano au kukipitisha uzi, akakivuta taratibu ili shina lake lijitokeze. Ncha ya leza hupita kwenye shina kwa mikupuo mifupi, nguvu ikiwa wati 1 hadi 3 hivi kwa dayodi. Msaidizi hufyonza moshi karibu kabisa na kidonda. Utasikia milio midogo ya tiktik na harufu kama ya nywele zinazoungua. Kila baada ya sekunde chache daktari huinua mkono na kufuta kwa shashi yenye maji, ili nyama ipoe na masizi meusi yasijikusanye, maana masizi yakilundikana joto huongezeka na nyama ya chini huungua bure.

Kinyama kikitoka, kazi haijaisha. Shina lake hufuatwa hadi kwenye utando unaofunika mfupa, na meno yaliyo jirani hukwanguliwa ugaga papo hapo. Hatua hii ya mwisho haionekani kwenye video za kuvutia, lakini ndiyo inayoamua kama utarudi tena mwakani. Kwa kinyama kimoja, kazi yote kwa kawaida ni chini ya nusu saa.

Inauma?

Ganzi ikishika, hapana. Utahisi kuvutwa na joto kidogo. Ganzi huisha baada ya saa 2 hadi 3, na hapo wengi huhisi kidonda kama cha kuungua mdomo, ambacho parasetamoli hutosha.

Miwani ni ya nini kama mwale unaingia kinywani?

Mwale hugonga vyuma na vioo vya kinywani na kuruka. Leza za upasuaji ziko kwenye daraja la 4, la juu kabisa kwa hatari, na mwanga wa infraredi hauonekani, kwa hiyo jicho haliwahi kufumba. Miwani lazima iwe ya urefu wa wimbi wa leza ileile; ya dayodi haikulindi dhidi ya leza ya erbiamu. Kama hukupewa, omba kabla mashine haijawashwa.

Ule moshi una madhara?

Unaweza kubeba vipande vya seli na hata vya virusi, hasa papiloma inapochomwa. Mfyonzo wenye nguvu ukiwa karibu sana na kidonda, pamoja na barakoa za kuchuja vumbi laini kwa wahudumu, ndiyo kinga. Mgonjwa apumue kwa pua.

Daktari alisema hakuna haja ya kupeleka maabara kwa kuwa ni kitu kidogo. Ni sawa?

Si sawa. Kila kinyama kilichotolewa kwenye ufizi kinafaa kupelekwa, hata kikiwa na ukubwa wa punje ya dengu. Kiwekwe kwenye chupa ya fomalini ya asilimia 10, chenye jina lako, tarehe na mahali kilipotoka.

Hapa ndipo leza inapotumiwa vibaya kuliko kwingine. Zipo namna mbili za kukiondoa kinyama: kukikata kizima kwa kupita shina lake, au kukiyeyusha kidogo kidogo hadi kiishe. Namna ya pili ni ya haraka, haina hata kibano, na mgonjwa anatoka akitabasamu, lakini kilichotolewa kimekwenda na moshi na hakuna atakayejua kilikuwa nini. Kuyeyusha kunafaa tu pale ambapo sampuli imeshachukuliwa na jibu linajulikana, kwa mfano ufizi uliokua kwa dawa na tayari umepimwa.

Joto pia huharibu ukingo wa sampuli. Daktari anayejua hili huacha nafasi ya milimita moja hivi zaidi ya mpaka wa kinyama, ili sehemu iliyoungua isiwe ile ambayo mpatholojia anaihitaji, na huandika kwenye fomu kwamba ametumia leza. Kabla ya kupanda kiti uliza swali moja tu: "Sampuli itapelekwa wapi, na majibu nitayapata lini?" Jibu likiwa la kuzungukazunguka, una haki ya kutafuta kwingine.

## Baada ya kutoka kliniki

Kidonda kimefunikwa na kitu cheupe chenye unjano. Ni usaha?

Karibu kila mara hapana. Ni utando wa fibrini, yaani bandeji ambayo mwili umejitengenezea. Hujitokeza siku ya 2 au ya 3, hukaa wiki moja au zaidi, kisha huondoka wenyewe. Usiukwangue kwa mswaki wala kwa kucha. Siku ya kwanza kidonda kinaweza kuwa na rangi ya kahawia au nyeusi kwa ajili ya masizi. Hilo nalo si tatizo.

Usaha wa kweli huja na harufu, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, uvimbe na homa.

Nile nini, na nitapigaje mswaki?

Saa 24 za kwanza: vyakula laini vilivyopoa, hakuna vya moto, hakuna pilipili, hakuna ndimu, hakuna pombe wala sigara, usinywe kwa mrija, usisukutue kwa nguvu. Kesho yake anza kusukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa kikombe, mara tatu au nne kwa siku.

Meno mengine yapigwe mswaki kama kawaida tangu siku ya kwanza. Jirani na kidonda tumia mswaki laini pale unapoweza kuvumilia, kwa kawaida baada ya siku chache. Daktari anaweza kukupa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 0.12 au 0.2 usukutue mara mbili kwa siku kwa wiki moja au mbili. Usipitilize, kwani hutia meno madoa ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula kwa muda.

Damu inachuruzika usiku. Nifanyeje?

Kunja shashi safi, iloweshe kidogo, ibonyeze juu ya kidonda kwa dakika 15 hadi 20 mfululizo, umekaa wima. Usiiinue kila dakika kuchungulia, hapo ndipo wengi wanapokosea. Mate yenye rangi ya waridi ni kawaida kwa siku moja au mbili. Damu isiyosimama baada ya kubonyeza mara mbili inahitaji kuonwa usiku huohuo.

Kitapona baada ya muda gani?

Kinyama kidogo, wiki 2 hadi 3. Eneo pana linaweza kufika wiki 4 au zaidi kidogo.

Ufizi wangu ni mweusi kwa asili. Utabaki na doa?

Swali hili haliulizwi vya kutosha. Ufizi wenye melanini nyingi hupokea mwanga wa dayodi na Nd:YAG haraka zaidi, kwa hiyo hupata joto kupita ufizi wa waridi kwa nguvu ileile. Daktari anatakiwa kuanza na wati ndogo na kupanda taratibu. Mwambie hivyo kama huoni akirekebisha mashine.

Baada ya kupona, sehemu iliyokatwa hutoka ya waridi kwanza, kwa sababu ngozi mpya ya ufizi bado haina rangi. Kwa wengi weusi hurudi kidogo kidogo katika miezi inayofuata, ukianzia kingoni. Kwa wengine doa la waridi hubaki. Halina madhara yoyote, ila kama kinyama kiko mbele na unajali mwonekano, lijadiliwe kabla.

Ufizi utashuka na kuacha mzizi wa jino wazi?

Inawezekana, hasa kinyama kikiwa kimeshika ukingo wa ufizi au kati ya meno mawili ya mbele. Shina likiondolewa lote, hubaki pengo. Pengo dogo hujaa lenyewe kwa kiasi. Kubwa linaweza kuhitaji kuhamishiwa nyama kutoka kwenye kaakaa baadaye. Daktari anayeacha sehemu ya shina ili kuokoa mwonekano anabadilisha tatizo moja kwa jingine: kinyama kitarudi.

Kinaweza kurudi?

Ndiyo. Ile fibroma yenye chembe za mfupa hurudi kwa takriban wagonjwa 8 hadi 20 katika kila 100, na granuloma ya payojeni pia inajulikana kwa tabia hiyo. Leza haibadilishi sana jambo hili. Kinachobadilisha ni kuufikia mzizi wa kinyama, kuondoa ugaga, kurekebisha jino lililozibwa vibaya, na usafi wako wa kila siku. Panga kuonwa baada ya wiki moja, mwezi mmoja, na miezi 6.

## Hali za pekee

Nina ujauzito. Kitolewe sasa au nisubiri?

Kama hakikuzuii kula na hakitoi damu nyingi, subiri. Homoni ndizo zinazokikuza pamoja na uchafu wa meno. Baada ya kujifungua kwa kawaida hupungua, na kikitolewa katikati ya ujauzito huwa na tabia ya kuota tena. Kusafishwa meno, kwa upande mwingine, hakusubiri, na mara nyingi kunakipunguza.

Kikilazimu kutolewa, miezi mitatu ya katikati ndiyo mizuri zaidi. Lidokaini na leza havizuiwi. Ukilala kitini, uwekewe mto kidogo upande wa kulia ili uegemee kushoto. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Ibuprofeni ikwepwe kuanzia wiki ya 20.

Natumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Niache kwanza?

Usiache. Pima INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) ndani ya saa 24 kabla ya kazi (saa 72 kama vipimo vyako ni tulivu siku zote). Ikiwa chini ya 4, kinyama cha kawaida kinaweza kutolewa kliniki, na hapa ndipo leza inapoonyesha faida yake. Wanaotumia dawa mpya za kundi hili, na wenye ugonjwa wa damu kutoganda kama hemofilia, wapangiwe kwa kushirikiana na daktari wao.

Nina kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Leza itakiingilia?

Leza hukata kwa mwanga na haipitishi umeme mwilini. Kichomeo cha umeme ndicho kinachoweza kuvuruga kifaa hicho, kwa hiyo katika hali yako leza au kisu ni chaguo bora. Mjulishe daktari hata hivyo.

Nina kisukari.

Sukari ikiwa imedhibitiwa, endelea. Weka miadi ya asubuhi, umekula na umemeza dawa. Ikiwa juu sana, ahirisha. Kidonda kitachelewa na kitapata maambukizi kirahisi.

Naishi na VVU na nina doa la zambarau kwenye ufizi.

Lisichomwe kabla ya kupimwa. Kaposi sakoma, aina ya saratani, hupenda kaakaa na ufizi, na matibabu yake huanza na dawa za kufubaza virusi, pengine na dawa za saratani. Vinyama vya papiloma navyo huonekana zaidi kwa wenye VVU, hata wanaotumia dawa vizuri. Hivyo vya papiloma leza inavifaa, ukijua kwamba vinaweza kujirudia.

Nachomwa sindano ya kuimarisha mifupa, au nimewahi kupigwa mionzi ya saratani shingoni.

Mfupa wako wa taya hauponi kama wa wengine. Sema kabla ya ganzi, sio baada. Kukata karibu na mfupa kunahitaji mpango tofauti.

Mtoto wangu mchanga kazaliwa na kinyama kwenye ufizi.

Ipo hali inayojulikana, huwapata zaidi wasichana, na mara nyingi kwenye taya la juu. Si saratani. Kikiwa kidogo kinaweza kunywea chenyewe. Kikimzuia kunyonya au kupumua hutolewa hospitalini, na kikishatolewa hakirudi.

Kwa mtoto mkubwa kidogo, uvimbe wa samawati juu ya jino linalotaka kuota kwa kawaida ni maji tu. Jino likichomoza huisha. Lakini taya linalovimba haraka huku meno yakilegea ni dharura, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Majibu yanasema "granuloma ya seli kubwa". Mbona naambiwa nipime damu?

Kwa sababu uvimbe unaofanana nao kabisa kwenye darubini hutokea pale tezi za paradundumio, tezi ndogo zilizo shingoni, zinapotoa homoni kupita kiasi. Kipimo cha kalisi na cha homoni hiyo hutenganisha hali hizo mbili. Kikiwa sawa, umetibiwa tayari. Kikiwa juu, tatizo liko shingoni na ufizi ulikuwa unatoa taarifa.

Majibu yanasema sampuli imeungua na haiwezi kusomeka. Nifanye nini?

Rudi na ripoti kwa aliyekitoa kinyama. Mwombe aandike kwa maneno kinyama kilivyokuwa: ukubwa, rangi, kilivyoshika, picha ya eksirei ilionyesha nini, na kama ana picha ya simu aliyopiga kabla, iingie kwenye faili. Kidonda kionwe kila mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza. Chochote kitakachoota tena hapo, hata kiwe kidogo kiasi gani, kikatwe kwa kisu safari hii na kipelekwe kizima.